Mguu Mwepesi kwa Gia Mpya

Dima fundi aliokota meno ya gia yaliyovunjika, akayatia yote ndani ya kikombe cha chai, akakisogeza mbele ya Achuka kama anayemkaribisha mgeni.

"Kunywa," alisema.

Achuka hakucheka. Nakuam, mke wake, aliyekuwa ameketi juu ya tairi kuukuu karibu na mlango wa gereji, aliuficha uso wake ndani ya leso mpaka kicheko kilipompita. Pikapu yao ilikuwa imeinuliwa juu ya magogo, na matairi yake manne makubwa yameegemezwa ukutani. Hayo matairi ndiyo yaliyoleta balaa. Achuka aliyanunua kwa sababu barabara ya Oldonyiro ina mawe. Hivyo ndivyo alivyomwambia mke wake. Nakuam alijua yalinunuliwa kwa sababu yalikuwa yanapendeza. Tangu yafungwe, gari lilikuwa limelegea kama mzee aliyevishwa buti za askari. Penye kilima Achuka alilikanyagia mafuta mpaka likalia, nyuma kuna watu, mbuzi na magunia ya unga, na siku moja difu ya nyuma, nyumba ya gia zinazozungusha magurudumu, ikasema kwaa! Kila kitu kikanyamaza isipokuwa mbuzi.

Sasa Dima alikuwa amefunga gia mpya ndani ya difu zote mbili, ya mbele na ya nyuma.

"Hizi ni fupi kuliko za kwanza," alieleza, akijipangusa grisi mikononi. "Mbio itapungua kidogo, nguvu itaongezeka. Matairi yako makubwa sasa yamepata wa kuyasukuma. Na nimebadilisha mbele na nyuma kwa sababu lazima zilingane. Zisipolingana, siku ukitia fowili, matairi yote manne yavute, gari itaanza kupigana na yenyewe."

"Sawa. Kesho ni soko Oldonyiro," alisema Achuka. "Naondoka na abiria saa kumi na mbili."

"Huendi."

"Nani haendi?"

"Wewe. Meno mapya hayajajuana, Achuka. Kwanza yanataka kusugana polepole, kila jino lijue mahali pa mwenzake. Ukiyapa mzigo sasa, yatapata moto, yataungua, halafu yataanza kulia. Na kilio cha difu hakina dawa. Mpaka mita isome kilomita mia nane, hakuna mzigo, hakuna kuvuta gari, hakuna mbio. Unaenda kidogo, unasimama, unaingia chini na unaweka mkono kwa difu. Mkono ukikaa, endelea. Mkono ukiruka, ngoja. Halafu ukuje nimwage oili."

Achuka aliitikia kila neno. Gari liliposhushwa, aliingia, akaliwasha, akatoka nalo gerejini. Labda alikusudia kutoka polepole. Mungu ndiye ajuaye. Kuku wa jirani waliruka ukuta, na mzee aliyekuwa akipita na baiskeli alijikuta amesimama ndani ya mtaro. Kwenye kioo cha mbele cha pikapu hiyo kulikuwa na jina lililobandikwa kwa herufi nyekundu, ROKETI, na watu wa Isiolo walisema jina hilo lilikuwa la dereva kabla halijawa la gari.

Dima alikwenda mpaka dirishani, akaingiza mkono, akauchomoa ufunguo. Kisha akamgeukia Nakuam.

"Mama Linda, leseni uko nayo?"

Nakuam alikuwa nayo. Alijifunza kuendesha kwenye shule ya udereva pale mjini, akafaulu mtihani, na jioni hiyo Achuka alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema mke wake sasa anaweza kuendesha toroli. Tangu siku hiyo leseni ilikuwa inalala kabatini chini ya sahani za wageni, na usukani wa Roketi hajawahi kuugusa isipokuwa kuupangusa vumbi.

"Niko nayo," alisema.

"Basi hizi gia zinataka mguu mwepesi. Huyu bwana mguu wake ni wa kupiga mpira."

"Dima, hiyo ni gari yangu," alisema Achuka.

Nakuam aliinuka juu ya tairi. Gia zile zilikuwa ndama wawili, wa mwisho, waliokuwa wakichungwa na mama yake kule Oldonyiro mpaka walipouzwa. Hapakuwa na wengine. Zikivunjika hizi, nyumba yao ya mtaa wa Chechelesi ingebaki na matairi manne ya kupendeza na watu watatu wa kuyatazama.

"Baba Linda," alisema kwa upole, "ng'ombe walikuwa wangu. Kwa hivyo gia ni zangu. Hiyo ingine yote iliyobaki ni yako. Kama unaweza kuiendesha bila gia, endesha."

Dima aliweka ufunguo kiganjani mwake na kurudi ndani upesi, akijifanya anatafuta spana.

*

Walianza na lami, barabara ya kwenda Ngaremara, kwa sababu haina mashimo ya kumchosha mwanafunzi. Nakuam alishika usukani kwa mikono miwili, mgongo wima. Mshale wa mwendo ulipanda polepole, ukafika alipoutaka, ukakaa hapo. Chini yao gia zilivuma kwa sauti nyembamba, kama mtu anayeimba peke yake akifua nguo.

Lori la mchanga likawapita. Pikipiki iliyobeba kitanda na mwenye kitanda akiwa amekikalia ikawapita, na mwenye kitanda akawapungia mkono. Achuka alikuwa akiteremka kwenye kiti kila walipopitwa, mpaka ikawa kofia tu ndiyo inayoonekana dirishani.

"Kanyaga kidogo," alinong'ona. "Kidogo tu. Huyo ni mtu na kitanda!"

"Gia za kitanda zimezoeana," alijibu Nakuam.

Walipofika Ngaremara aliegesha kando, karibu na akina mama wanaouza makaa. Alizima injini, akatandika gunia, akaingia chini ya gari na kuweka kiganja kwenye difu ya nyuma. Ilikuwa ya moto, lakini moto wa mtoto mwenye homa, si wa sufuria. Aliuacha mkono pale ukae. Alishangaa jinsi alivyopapenda mahali hapo, chini ya gari lake mwenyewe, penye harufu ya oili na vumbi, ambapo hakuna mtu angeweza kumwambia kitu.

Huko juu mambo hayakuwa mazuri hivyo.

"Achuka!" aliita mmoja wa wauza makaa, akimsalimia kwa Kiturkana. "Ejok! Umefutwa kazi?"

"Tunapoza difu," alisema Achuka kwa ukali.

"Kwa hivyo bibi anaendesha, na wewe unapoza?"

"Mwambie akuongeze mshahara, Roketi," alisema mwingine. "Makanga mzee kama wewe anastahili."

Walicheka wakipigana vibao mgongoni. Achuka alifunga kioo cha dirisha hadi juu, katika joto lile, akaketi humo ndani akitoa jasho mpaka difu zote mbili zikapoa.

Kesho yake asubuhi alitoka chumbani akichechemea. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umefungwa bandeji nyeupe kuanzia vidoleni hadi chini ya goti, imekazwa kwa pini.

Nakuam aliitazama ile bandeji. Kisha akamtazama mumewe usoni, kwa muda mrefu, mpaka mumewe akaanza kusoma maandishi kwenye pakiti ya majani ya chai.

"Umeumia wapi?"

"Nimeteguka."

"Ukilala?"

"Mtu anaweza kuteguka akilala. Imetokea." Alishusha sauti. "Nakuam, mimi siwezi kuelezea kila mtu habari ya difu. Hawasikii. Lakini mguu wanasikia."

Nakuam angeweza kukataa. Badala yake alipiga magoti, akaifungua bandeji, akaifunga upya vizuri zaidi, kwa sababu yeye aliwahi kusaidia kwenye zahanati na hakupenda kazi mbaya.

*

Mguu ule ulifaulu kuliko alivyotarajia. Mjini watu walimpisha kwenye foleni ya maji. Dukani aliletewa kiti. Waliokuwa wakimcheka sasa walimpa pole, na wakamsifu Nakuam kwa kumsaidia mume wakati wa shida, jambo lililomfanya Achuka aumwe kidogo kwa kweli. Bibi mmoja jirani yao, ambaye Chechelesi nzima ilimwita Ata kwa sababu alikuwa na umri wa kuwa nyanya wa kila mtu, alileta chupa ya mafuta ya mkia wa kondoo.

"Paka usiku, ukisugua kwenda juu," aliagiza. "Usipake kwenda chini, ugonjwa utaingia kwa vidole."

Mtu pekee ambaye hakutoa pole alikuwa Mbugua. Huyu Mbugua alikuwa na pikapu yake, na tangu Roketi ipumzishwe, abiria wote wa Oldonyiro walikuwa wake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na mdomo.

"Mama Linda," aliita siku moja pale steji, akiwapanga abiria kama matofali, "mgonjwa anaendeleaje? Mwambie nikipata nafasi nitamletea toroli, aendeshe na mikono."

Kilomita zilikuwa zinasonga, na bado nyingi zilikuwa mbele. Nakuam aliamua waende Oldonyiro na kurudi, gari tupu, amwone na mama yake. Walipokuwa wanaondoka, Pasta Stephen alisimama mbele ya gari na mkoba mdogo. Alikuwa na ibada kule, na kwa Mbugua hapakuwa na hata mahali pa kuweka unyayo.

"Mtu mmoja si mzigo," alisema Nakuam baada ya kumpima pasta kwa macho. Pasta alikuwa mwembamba. "Panda, pasta. Lakini tutasimama mara nyingi."

"Hata Waisraeli walisimama mara nyingi," alisema pasta, akapanda katikati yao.

Walikwenda, wakasimama, wakapoza. Walikwenda tena. Kwenye kituo cha pili pasta aliutazama mguu wa Achuka, akakunja uso.

"Ndugu Achuka, Jumapili haikuwa ule wa kushoto?"

Achuka aliangalia chini. Asubuhi ile alijifunga bandeji gizani, umeme ulikuwa umepotea. Ilikuwa kwenye mguu wa kulia.

"Ilihama, pasta," alisema.

"Ilihama?"

"Maumivu. Yanahama."

Pasta Stephen akatikisa kichwa kwa huruma na kuahidi kuliombea jambo hilo kwa nguvu zaidi. Nakuam, aliyekuwa chini ya gari na kiganja kwenye difu, aliliuma gunia ili asisikike.

*

Walimkuta Mbugua ndani ya laga.

Ilikuwa laga pana, mto wa msimu uliobaki mchanga mtupu, kavu kabisa, na pikapu yake ilikuwa imezama katikati mpaka ekseli. Abiria walikuwa wameketi ukingo wa ng'ambo na vifurushi vyao, na miongoni mwao alikuwa Ata, aliyekwenda kumwona mjukuu. Mbugua alikuwa anachimba kwa sufuria ya mtu. Alipoona Roketi inakuja polepole, alisimama, akasahau kila toroli aliyowahi kuisema.

"Mama Linda! Mungu amekuleta. Kamba ninayo. Nivute kidogo tu."

Kabla Nakuam hajajibu, Achuka aliteremsha kioo. Alikuwa ameingoja siku hiyo.

"Pole sana, Mbugua. Hatuvuti. Gia bado ni changa."

"Changa namna gani?"

"Hazijajuana," alisema Achuka. "Ni mambo ya kiufundi. Chimba tu."

Nakuam alivuka laga taratibu kando ya gari lililozama. Roketi ilipita juu ya mchanga bila hata kukohoa, na Achuka aligeuka nyuma ili amwone Mbugua akiona. Waliegesha ng'ambo. Hapo Nakuam aliposhuka, alimwona Ata hajali gari wala mchanga. Ata alikuwa anatazama milima.

Huko juu mbingu ilikuwa nyeusi kama chungu. Pale walipokuwa jua lilikuwa linawaka na hapakuwa na tone. Lakini kila mtu aliyezaliwa upande huo anajua kwamba laga hailetewi maji na mvua yake yenyewe.

"Iko mbali," alisema Mbugua, ila sauti yake haikuamini.

"Ilikuwa mbali nilipokaa chini," alisema Ata. "Sasa nasikia harufu yake."

Nakuam alisimama akiwa na ufunguo mkononi. Alifikiria ndama wawili, mmoja mwekundu na mmoja mwenye doa usoni, ambao sasa walikuwa meno ya chuma ndani ya mafuta. Dima alisema hakuna kuvuta. Akafikiria pia Shiku, mke wa Mbugua, ambaye walisukana nywele pamoja. Na alijua ndani ya nyumba ile hakukuwa na gari la pili wala ndama.

"Mbugua," alisema, "shusha kila kitu. Hata spea tairi. Toa upepo kwa matairi, nusu. Nyinyi wote mnaokaa hapo, ingieni mbebe magunia. Sivuti gunia la mtu."

"Nakuam," alisema Achuka, aliyekuwa bado ameketi garini na mguu wake wa kulia juu ya dashibodi. Utani ulikuwa umemtoka. "Zikivunjika?"

"Zitavunjika nikiwa nazo mimi. Nimekwambia ni zangu."

Abiria walinung'unika lakini walishuka. Pasta Stephen alikunja suruali na kubeba gunia la sukari kichwani. Magunia yalitoka, mbuzi wakatoka, kisha godoro. Pikapu ya Mbugua ilibaki tupu kama ganda. Nakuam alirudisha Roketi kinyumenyume hadi ukingo wa mchanga, akatia fowili, gia ya chini kabisa. Mbugua alilala kifudifudi akitafuta mahali pa kufunga kamba, lakini fundo likamtoka mara mbili.

Wakaisikia. Haikuwa sauti ya maji bado. Ilikuwa kama lori kubwa linalokuja kwa mbali barabarani, ila upande ule hapakuwa na barabara.

Hapo ndipo mlango wa Roketi ulipofunguka kwa kishindo na Achuka akatoka mbio. Hakuchechemea. Aliruka mawe, akaruka mbuzi, akakimbia juu ya mchanga ule kama kijana wa shule, na pini ikakatika, bandeji ikajifungua yote na kumfuata nyuma ndefu na nyeupe kama mkia wa tiara. Alimsukuma Mbugua kando, akapiga fundo moja, akalijaribu kwa uzito wake, akainua mkono.

"Twende! Polepole, Mama Linda! Polepole!"

Nakuam aliiachia klachi kama anayemwachia mtoto mkono aanze kutembea. Kamba ikainuka kutoka mchangani, ikanyooka, ikalia. Alisikia gia chini yake zikibadilisha sauti, kutoka wimbo hadi mguno mzito, na mwili wake wote ukamwambia akanyage, amalize upesi. Hakukanyaga. Aliushikilia mguu pale pale. Tairi hazikuteleza hata moja. Kwa muda hakukuwa na kitu kilichosogea, kisha pikapu ya Mbugua ikayumba, ikafyonza mchanga, ikatoka kama jino bovu. Alivuta hadi juu ya ukingo na hakusimama mpaka Mbugua, aliyekuwa akikimbia kando, alipopiga bodi kwa kofi.

Maji yalifika watu wakiwa bado wanahema. Yalikuja ya rangi ya chai, yamebeba miti na ndara moja ya plastiki, na shimo alilochimba Mbugua likajaa na kupotea.

Kisha Pasta Stephen, akiwa bado na sukari kichwani, akanyoosha kidole kwa Achuka.

"Mguu!" alipiga kelele. "Mnaona? Mguu!"

Watu wakageuka. Achuka alikuwa amesimama wima kwa miguu yote miwili, bandeji imelala nyuma yake mchangani. Mama mmoja akapiga kigelegele. Wawili wakaanza wimbo wa sifa. Pasta alimkumbatia na kumwambia kwamba Jumapili lazima asimame mbele atoe ushuhuda, kwamba watu wa Oldonyiro, Isiolo na kwingineko lazima wasikie.

Nakuam alikuwa anatazama kutoka kwenye usukani. Aliona jinsi mumewe alivyojaribu kutabasamu, na jinsi tabasamu lilivyokataa.

"Basi sasa umepona, Roketi," alisema Mbugua, akipangusa machozi na mchanga pamoja. "Shika gari yako, ndugu yangu. Mama Linda amechoka, mwache apumzike. Leo nataka kukuona wewe."

"Kweli! Aendeshe yeye!" walisema wengine. "Mungu amempa mguu, autumie!"

Achuka aliutazama ufunguo. Akautazama umati uliokuwa unamngoja, watu wale wale ambao angewabeba maisha yake yote au wasipande gari lake kamwe. Akakohoa.

"Mguu haukuwa na kitu," alisema.

Wimbo ukafa.

"Hakuna kitu hata kidogo?" aliuliza pasta. "Hata kauvimbe?"

"Hata kauvimbe, pasta. Nilifunga kwa sababu ya midomo yenu. Gari iko na gia mpya, inataka kuendeshwa polepole, na mimi polepole siwezi. Nimejaribu. Huyu anaweza. Mimi niliona haya mkisema naendeshwa na bibi, basi nikafunga mguu." Akamtazama Nakuam. "Na bado ni yeye ataendesha."

Kisha Ata akasogea mbele na mkongojo wake.

"Na mafuta yangu ya kondoo?"

Achuka aliinamisha kichwa. "Nilikula na ugali, Ata."

"Yote?"

"Ilikuwa tamu."

Ata alianza yeye kucheka, meno mawili yakionekana, na wengine wakafuata mpaka Mbugua akalala chini. Hata pasta alicheka, ingawa alichelewa kidogo. Alikuwa ameshaanza kuipanga ile Jumapili kichwani.

Nakuam hakuwa pamoja nao. Alikuwa ametandika gunia lake na kuingia chini ya Roketi. Alipeleka kiganja kwenye difu ya nyuma, na mkono ukaruka wenyewe. Alijaribu tena baadaye, ukaruka tena. Kulikuwa na harufu ya oili iliyoungua. Alilala pale chali, akisikia wanavyocheka huko nje, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi aliogopa. Mara akaona mtu anajipenyeza kutoka upande wa pili, amelala juu ya bandeji aliyoikunja ili asichafue shati.

Achuka aliweka mkono wake kwenye difu. Uliruka.

"Tungoje," alisema.

Wakangoja pamoja mpaka kivuli cha gari kikarefuka.

*

Mita iliposoma kilomita mia nane, Dima alifungua nati ya chini na oili ya difu ikaanza kushuka ndani ya karai, nyeusi na nzito. Achuka na Nakuam walikuwa wamechuchumaa pande mbili za karai kama wanaota moto. Dima hakuwa na haraka. Alichovya kidole, akakisugua na gumba, akanusa. Akanusa tena.

"Hii oili imeona kitu," alisema. "Mlibeba nini?"

"Pasta," alisema Nakuam.

"Pasta mmoja hawezi kufanya oili namna hii."

Wote wawili waliangalia karai. Dima akachukua nati, ambayo ncha yake ilikuwa na sumaku ya kunasa vyuma, akaigeuza kwenye mwanga. Nakuam alifumba macho. Akawaza vipande: kimoja kikubwa na kingine kidogo, mwekundu na mwenye doa.

"Fungua macho, mama," alisema Dima.

Juu ya sumaku kulikuwa na unga tu, laini na wa kijivu kama wanja. Dima aliupangusa kwa kitambaa, na kitambaa hakikukwaruza popote.

"Hakuna jino. Hakuna hata kucha ya jino. Hivi ndivyo inatakiwa. Zimesugana, zimekaa." Alitia oili mpya, akakaza nati, akasimama akijinyoosha mgongo. "Sasa ni gari. Bebeni watu, bebeni mbuzi. Sina neno tena."

Aliutoa ufunguo kwenye msumari. Akasita, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, kisha akauweka juu ya bodi ya gari katikati yao na kwenda kunawa.

Achuka aliuchukua. Aliupima mkononi, akauzungusha kidoleni kama alivyozoea.

"Soko ni kesho," alisema. "Akina mama wa steji wameuliza ni nani ataendesha. Wanasema kwako matumbo yao yanafika Oldonyiro yakiwa mahali pake." Akaurusha. Nakuam aliudaka kwa mkono mmoja. "Mimi nitaendesha safari za kurudi. Na usinikatalie."

"Sijakataa."

Asubuhi ya soko Roketi ilijaa. Ata alipewa nafasi nzuri nyuma, juu ya gunia la maharagwe. Achuka aliketi upande wa abiria, miguu wazi, dirisha limeshushwa, akiwasalimia wauza maziwa wote kwa sauti ili asionekane anajificha. Kilima cha kwanza kilikuja. Gari lilikipanda na mzigo wake wote kana kwamba ardhi imeinama kidogo ili iwapishe, na Nakuam alijikuta anatabasamu peke yake.

Ndipo honi ikalia nyuma. Mbugua aliwakaribia, akawafikia, akatoa kichwa dirishani.

"Asante kwa juzi, Mama Linda!" alipaza sauti. "Shiku anawasalimia!"

Akawapita na kuwafunika kwa vumbi.

Nakuam alipandisha kioo, akangoja vumbi litulie. Barabara mbele ilikuwa imenyooka, haina mtu wala mnyama.

"Dima alisema zimekaa?" aliuliza.

"Alisema," alijibu Achuka.

"Alisema hana neno tena?"

"Ndiyo. Kwa nini unau..."

Mgongo wa Achuka ulirudi kwenye kiti. Mshale ulipanda, ukapita mahali ambapo haukuwahi kufika mikononi mwa Nakuam, na gia zikaimba wimbo mmoja, safi, bila hata sauti moja ya kukwaruza. Nyuma mbuzi walilalamika. Pikapu ya Mbugua ilianza kuwa kubwa kwenye kioo cha mbele. Achuka alishika mlango kwa mkono mmoja na dashibodi kwa mwingine.

"Polepole, dereva!" alijisikia akisema. "Huku ndani kuna watu!"

Na kutoka nyuma, juu ya gunia la maharagwe, Ata alipiga bodi kwa mkongojo wake.

"Mpite!" alipiga kelele. "Mpite huyo!"